Pesa zikishavuka Busia, zitarudi vipi?

Swali: "Mimi na ndugu zangu wawili tuna kiwanda kidogo cha chakula cha mifugo hapa Kisumu. Karibu robo ya magunia yetu hununuliwa na wateja wa upande wa Uganda. Tunafikiria kujenga kinu cha pili Mbale au Iganga, kwa kama shilingi milioni 20. Lakini nasoma kwamba uwekezaji wa nchi zinazoendelea katika nchi za nje unashuka, na supamaketi zetu zilizovuka zilirudi mikono mitupu. Mbona benki bado zinakwenda? Na sisi twende au tungoje?"

Jibu: Dada yetu, tuanze na hizo tarakimu za kushuka, kwa sababu zinatisha watu bure.

Kinachohesabiwa kama uwekezaji wa moja kwa moja katika nchi ya nje ni pale mtu au kampuni ya hapa inaposhika angalau asilimia 10 ya kura katika kampuni ya huko. Ndani yake mna vitu vitatu: pesa za hisa, faida iliyoachwa huko bila kugawanywa, na mikopo kati ya kampuni mama na kampuni tanzu. Halafu hutolewa kile kilichorudi. Kampuni tanzu ikimlipa mama deni lake, au mama akiuza hisa zake za huko, tarakimu hushuka, hata chini ya sifuri. Brazil mwaka 2018 ilionyesha kiasi hasi cha kama dola bilioni 13, kwa kuwa kampuni zake za nje zilikuwa zikituma pesa nyumbani. China ilifika kilele cha dola bilioni 196 mwaka 2016 ikateremka hadi karibu 158 mwaka uliofuata, pale Beijing ilipobana ununuzi wa hoteli, majumba ya sinema na vilabu vya michezo ng'ambo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosema lolote kuhusu chakula cha kuku Mbale.

Kwetu soko ni dogo, kwa hiyo muamala mmoja tu hutikisa mwaka mzima. Bamburi, kampuni ya saruji ya Kenya, ilipouza asilimia 70 yake katika Hima Cement ya Uganda kwa dola milioni 84, mauzo yaliyokamilika mwaka 2024, huko kulikuwa ni kurudi kwa mtaji. Benki ya Equity ilipolipa dola milioni 95 kuchukua theluthi mbili ya benki ya BCDC ya Kongo mwaka 2020, huko kulikuwa ni kwenda. Ukichora mstari kati ya miaka hiyo utadhani Wakenya wamekata tamaa, na ni kampuni mbili tu zenye sababu mbili tofauti.

Kuna jambo la tatu ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka, nalo ndilo linalokuhusu wewe. Faida iliyobaki nje huhesabiwa kama uwekezaji mpya, iwe mwenyewe alipenda ibaki au ilishindwa kutoka. Desemba 2015 Sudan Kusini iliachia sarafu yake ipangiwe bei na soko, na dola moja iliyokuwa chini ya pauni 3 ikawa zaidi ya 18 mara moja. Benki za Kenya zilizokuwa Juba zilikuwa zikipata faida nzuri kwenye karatasi. Ilipobidi kuzitafsiri kwa shilingi, sehemu kubwa ikayeyuka. Basi unaposoma kwamba uwekezaji wetu nje umepanda, uliza kwanza ni kiasi gani kilichorudi kama mgao wa faida.

Kwenda nje kwenyewe si kazi tena. Sheria ya udhibiti wa fedha za kigeni ilifutwa Kenya mwaka 1995. Kabla ya hapo ungeomba ruhusa ya Benki Kuu kutoa mtaji nchini. Leo benki yako ya Oginga Odinga Street itatuma pesa siku hiyohiyo, na ikiwa ni zaidi ya dola 10,000 itataka tu hati za kueleza ni za nini. Uganda nayo ilifungua mlango wake mwaka 1997. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010. Kazi iko kwenye safari ya kurudi.

Sasa supamaketi na benki. Supamaketi ya Uchumi ilifunga maduka yake ya Uganda na Tanzania Oktoba 2015, ikieleza kwamba yalikuwa yakila pesa bila kuleta faida. Nakumatt, iliyokuwa na maduka katika nchi nne, ilianza kuanguka mwaka 2017. Duka la rejareja hupanga jengo la mtu, hujaza rafu kwa bidhaa za mkopo wa wauzaji, na bidhaa nyingi husafirishwa kutoka mbali. Mtaji wake ni deni la muda mfupi. Nyumbani kukikauka, tawi la Kampala halina mguu wake wa kusimamia, na tawi likipata hasara, deni linarudi kugonga mlango wa Nairobi.

Benki zilizokwenda mbali hazikubeba duka kutoka nyumbani. Zilinunua kitu ambacho tayari kina wateja: Equity ilianza Uganda mwaka 2008 kwa kuichukua Uganda Microfinance, ikaingia Kongo mwaka 2015 kupitia ProCredit, na KCB ikachukua asilimia 85 ya Trust Merchant Bank ya hukohuko Kongo mwishoni mwa 2022. Amana ni za wenyeji, mikopo ni kwa wenyeji. Viwanda navyo vina hesabu yao. Bidco, ya mafuta ya kupikia, ilikwenda Jinja, na michikichi ikapandwa visiwa vya Kalangala. Kina Rai, unaowajua kwa mbao za Eldoret na sukari ya Kabras, walichukua sukari ya Kinyara kule Masindi. Wamekwenda kukaa juu ya malighafi.

Wewe uko kundi hilo la mwisho, na hiyo ni habari njema. Chakula cha kuku wa mayai ni mahindi kwa nusu au zaidi, kisha pumba, soya, mashudu ya alizeti na omena. Bila shaka sehemu ya mahindi na soya unayosaga Kisumu imetoka Uganda. Kwa hiyo mahindi yanavuka Busia kuja kwako, yanasagwa, yanatiwa guniani, yanapanda lori kurudi Busia. Ushuru wa forodha si sababu ya kujenga huko, maana bidhaa yenye cheti cha uasili wa Afrika Mashariki huvuka bila ushuru. Sababu ni lori linalolipwa mara mbili kwa mzigo wa bei ya chini, na amri za ghafla. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu; zuio liliondolewa baada ya siku chache na masharti yakabaki. Mwenye kinu pande zote mbili angeendelea kusaga.

Hata hivyo usijenge kabla ya hesabu hii. Chukua tani moja unayouza Uganda leo. Andika usafiri wa malighafi yake kuja Kisumu, uzito unaopotea kwa unyevu na kumwagika, siku za lori kungoja mpakani, ada za wakala wa forodha, na usafiri wa magunia kurudi. Toa gharama zile ambazo ungelipa hata ungesagia Mbale. Tuseme unabaki na akiba ya shilingi 2,500 kwa tani. Sasa andika gharama zisizobadilika za kinu cha pili kwa mwezi: pango, meneja, fundi, mlinzi, kiwango cha chini cha umeme, mhasibu. Tuseme ni 250,000. Utahitaji tani 100 kila mwezi kurudisha gharama hizo tu, kabla hata ya senti moja ya mtaji. Kama mauzo yako ya Uganda ni tani 40, hujafika. Tarakimu hizi ni za mfano. Zako utazipata kwenye ankara za miezi 12, si kwenye mwezi mmoja wa mavuno ambapo kila kitu ni bei rahisi.

Ukiwa hujafika, kuna njia ya katikati ambayo haimo kwenye takwimu yoyote ya uwekezaji, nami naipendelea kwa miezi sita ya kwanza. Mlipe mwenye kinu wa Mbale akusagie kwa fomula yako, kwa ada ya kila tani, nawe upeleke primiksi tu, yaani ule mchanganyiko wa vitamini na madini. Ni kilo 2.5 hadi 5 kwa tani, unaingia kwenye pikapu. Udhaifu wake ni miwili. Fomula yako itajulikana, kwa hiyo uchanganye primiksi Kisumu na uipeleke kwa namba bila maelezo. Na huna mkono juu ya mahindi yanayoingia. Weka mtu wako wa kupima unyevu na sumukuvu kila lori, kiwango kikizidi sehemu 10 kwa bilioni lori ligeuke. Kuku wa mteja wakidumaa, mwenye kinu hatatajwa, gunia lina jina lako.

Hesabu ikikubali kujenga, ndipo tunafika kwenye lile swali ambalo hukuliuliza: milioni 20 zitaingia kwa jina gani?

Wengi hutia zote kama hisa, kwa sababu ni karatasi chache. Tazama kinachotokea. Tuseme kinu kinapata faida ya shilingi milioni 4 kwa mwaka, baada ya kutoa milioni 1 ya uchakavu wa mashine. Uganda inachukua kodi ya kampuni asilimia 30, yaani 1.2. Zinabaki 2.8. Ukizigawanya, kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla pesa hazijakufikia, ya asilimia 15 inachukua 0.42, na Kisumu inapokea milioni 2.38. Ile milioni 1 ya uchakavu ipo benki kama pesa taslimu, lakini si faida, kwa hiyo huwezi kuitoa kama mgao. Inakaa huko. Kwa mwendo huo mtaji wako utarudi baada ya zaidi ya miaka minane.

Sasa gawanya: milioni 8 hisa, milioni 12 mkopo kutoka kampuni yenu ya Kisumu, miaka mitano, riba asilimia 12. Mwaka wa kwanza riba ni 1.44. Riba hiyo hupunguza faida inayotozwa kodi, ibaki 2.56, kodi iwe 0.768. Juu ya riba kuna zuio la asilimia 15, 0.216. Na lile fungu la mkopo lenyewe, milioni 2.4, linarudi bila kodi yoyote, kwa kuwa kulipa deni si mapato ya mtu. Kisumu inapokea zaidi ya milioni 3.6 mwaka huo badala ya 2.38. Riba hiyo huenda ikatozwa kodi Kenya kama mapato yenu, na usitegemee kukatiwa kile kilicholipwa Uganda: mkataba wa Afrika Mashariki wa kuzuia kodi mara mbili ulitiwa saini mwaka 2010 na mpaka sasa haujaanza kazi, kwa kuwa si nchi zote zimeuridhia. Hata ukitoa asilimia 30 ya riba, bado unabaki na kama milioni 3.2.

Usilewe na hesabu hiyo ukaweka yote mkopo. Uganda hairuhusu riba ya kupunguzia faida izidi asilimia 30 ya mapato kabla ya riba, kodi na uchakavu. Kwa kinu chetu cha mfano mapato hayo ni milioni 5, kikomo ni 1.5, nasi tuko 1.44. Mkopo wa milioni 18 ungekipita mbali. Tena kampuni yenye hisa kiduchu na deni kubwa haitapata hata mkopo wa msimu wa kununua mahindi kutoka benki ya huko, na huo utauhitaji kila mwezi wa Julai.

Mkopo huo unasimama kwa karatasi. Panatakiwa azimio la wakurugenzi wa pande zote mbili, mkataba wenye tarehe iliyotangulia siku pesa zilipotumwa, riba inayofanana na ya soko, ratiba ya malipo, na taarifa ya benki inayoonyesha pesa zikitoka akaunti ya kampuni ya Kisumu zikiingia akaunti ya kampuni ya Uganda. Hapa ndipo biashara za kifamilia huharibikiwa. Shilingi laki tatu hupitia simu ya shemeji, laki tano huvuka mfukoni siku ya soko, mashine hununuliwa kwa jina la binamu. Miaka miwili baadaye unataka kurudisha milioni 12, na ushahidi ulio nao ni wa milioni 7. Zile 5 zilizosalia, kwa macho ya mtoza kodi, hazikuwahi kuwa mkopo. Ukizituma nyumbani zitaonekana kama mgao uliokwepa zuio.

Wala pesa zenyewe zisiwe za kukopa Kisumu kwa kuweka rehani shamba la kiwanda. Huo ndio ugonjwa wa supamaketi. Kinu cha Uganda kikiyumba, kitachukua na cha nyumbani.

Swala la sarafu watu hulitazama upande mmoja. Wanaogopa shilingi ya Uganda kuanguka. Mwaka 2024 ilikuwa kinyume: shilingi ya Kenya iliyokuwa karibu 160 kwa dola mwezi Januari iliimarika hadi karibu 129, ya Uganda ikabaki palepale kwa jumla. Shilingi moja ya kwetu iliyonunua kama 24 za Uganda ikawa inanunua kama 28. Shilingi milioni 100 za Uganda zilizokuwa na thamani ya zaidi ya milioni 4.1 hapa zikashuka hadi kama milioni 3.5, bila kinu kufanya kosa lolote. Dawa ya bei nafuu unayo tayari: Kisumu inahitaji mahindi na soya. Kampuni ya Uganda inunue nafaka kwa shilingi zake, iiuzie Kisumu kwa ankara kamili na hati za forodha, na malipo yakatwe kwenye deni la mkopo kwa barua iliyosainiwa pande zote. Faida inarudi nyumbani ikiwa ndani ya gunia. Kila mzigo uwe na ankara yake kwa bei ya siku hiyo. Ukijumlisha mizigo ya miezi mitatu kwa makisio, umeharibu.

Bei hiyo ya siku ndiyo jambo jingine. Kampuni mbili za mwenyewe mmoja zikiuziana, Kenya na Uganda zote zina kanuni za kutaka bei iwe ile ambayo watu wasiojuana wangekubaliana. Kishawishi chako kitakuwa kwenye primiksi, kwa kuwa ni ndogo, ghali, na bei yake wengi hawaijui. Ukiipandisha ili faida ibaki Kisumu, weka tayari ankara za primiksi hiyohiyo kwa mteja mwingine asiye ndugu. Kama huna mteja mwingine, tumia gharama ya kuitengeneza na nyongeza ambayo utaweza kuieleza, na uiandike kabla ya mzigo wa kwanza.

Kuandikisha kampuni ni sehemu nyepesi: jina na usajili URSB (ofisi ya usajili ya Uganda), namba ya mlipakodi URA (mamlaka ya mapato), leseni ya biashara ya wilaya au manispaa, mfuko wa hifadhi ya jamii NSSF (mwajiri asilimia 10, mfanyakazi 5), na alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango, kwenye magunia. Ndugu yako atakayekwenda kusimamia anahitaji kibali cha kazi. Mkenya halipi ada yake, ila kibali chenyewe lazima awe nacho. VAT iangalie vizuri. Chakula cha mifugo kimesamehewa Uganda, na wengi hufurahi wakisikia hivyo, kumbe maana yake ni kwamba VAT ya asilimia 18 unayolipa kwenye ujenzi, umeme na vifaa vingi huwezi kuidai irudi. Iongeze kwenye bajeti tangu mwanzo.

Ardhi: asiye raia, pamoja na kampuni ambayo wenye hisa wengi si raia, anapata upangaji wa hadi miaka 99, hamiliki moja kwa moja. Upangaji huo unatosha kabisa kwa kinu. Familia nyingi za huku magharibi zina ndugu pande zote za mpaka, Wasamia, Wateso, Wabukusu na Wamasaba, na shauri la kuandika kiwanja kwa jina la mjomba litakuja kabla chai haijapoa. Likatae kwa upole. Mjomba akifariki, kinu kimo kwenye urithi.

Kati ya Mbale na Iganga, ningeangalia nani anakula mzigo wako. Mbale iko karibu na nafaka na njia ya Malaba. Iganga iko kwenye barabara ya Busia kwenda Jinja na Kampala, ambako wafugaji wa kuku ni wengi. Chagua kwa orodha ya wateja wako wa sasa, si kwa bei ya kiwanja. Na usijenge kinu ambacho kitaishi kwa kuuza kuvuka mpaka mwingine tena. Rwanda na Uganda zilikaa na mpaka wa Gatuna umefungwa tangu Februari 2019 hadi Januari 2022, na waliokuwa wamejipanga kwa wateja wa Kigali walikaa na bidhaa ghalani.

Mkianza, panga mkopo urudi mapema. Mwezi wa nne, hata kabla ratiba haijadai, tuma fungu dogo, kama dola 500, kutoka akaunti ya kinu kuja Kisumu likiwa na maelezo kwamba ni malipo ya mkopo. Angalia benki ya Uganda itaomba karatasi gani, itakata nini, itachukua siku ngapi, na ya Kisumu itaziandika kwa jina lipi. Kama kuna karatasi mliyosahau, afadhali ijulikane kwa dola 500.